Amri ya chroot: kwa nini bash «haipo» ilhali ipo, na mipaka ya kinga yake

Swali. Mwalimu wa TEHAMA katika shule moja ya sekondari wilayani Kongwa ameandika hivi: «Nina seva ya Debian ambayo wanafunzi huitumia kujifunza amri. Nilitaka wawe na mahali pa mazoezi pasipogusa mafaili ya shule, nikatengeneza saraka /srv/majaribio, nikanakili bash (programu inayopokea amri tunazoandika) ndani yake, kisha nikaandika sudo chroot /srv/majaribio /bin/bash. Kompyuta inajibu kwamba faili halipo, ilhali nikitazama kwa ls ninaliona. Nimekosea wapi? Je, njia hii inatosha kuzuia wanafunzi wasiharibu seva? Tena mwenzangu ananiambia kwamba amri hiyohiyo hufufua kompyuta iliyogoma kuwaka. Ni kweli?»

Jibu. Mwalimu, maswali yako matatu yana shina moja, nalo ni kufahamu kwa usahihi kile ambacho chroot hukibadilisha na kile ambacho haikigusi kabisa. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, kila mchakato, yaani programu iliyo kazini, una kumbukumbu mbili ambazo kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) huzitunza kwa ajili yake: saraka unamofanyia kazi kwa wakati huo, na saraka inayohesabiwa kuwa mzizi wake. Mchakato unapoomba faili ambalo njia yake inaanza na mkwaju (/), kerneli haianzi kutafuta kwenye «mwanzo wa diski», bali huanza kwenye mzizi uliorekodiwa kwa mchakato huo. Kwa kuwa karibu michakato yote ya kompyuta ya kawaida ina mzizi mmoja, tumezoea kudhani kwamba alama ya / ni mali ya diski, kumbe ni mali ya mchakato. Amri ya chroot hubadilisha kumbukumbu hiyo ya mzizi, kisha huendesha programu uliyoitaja, na watoto wote watakaozaliwa na programu hiyo hurithi mzizi huohuo.

Hakuna kingine kinachobadilika. Kerneli ni ileile, mtandao ni uleule, orodha ya michakato ni moja, namba za watumiaji ni zilezile, saa na jina la kompyuta ni vilevile. Ukiandika uname -r ndani ya chroot utaona toleo la kerneli ya nje, hata kama ndani umeweka Debian ya zamani zaidi. Unaweza kulishuhudia jambo hili kwa macho: fungua dirisha la pili nje ya chroot, tafuta namba ya mchakato wa bash iliyo ndani, kisha andika sudo readlink /proc/NAMBA/root. Kwa mchakato wa kawaida jibu ni /, na kwa ule wa ndani jibu ni /srv/majaribio. Kumbukumbu hiyo moja ndiyo chroot nzima.

Wito wa mfumo, yaani ombi ambalo amri ya chroot hulipeleka kwa kerneli, ni wa zamani. Ulikuwamo katika Unix toleo la 7 la mwaka 1979, na inasimuliwa kwamba mwaka 1982 Bill Joy, mmoja wa waundaji wa BSD (tawi la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley), aliuingiza humo ili aweze kujenga na kujaribu mfumo mpya, ule uliotoka baadaye kama 4.2BSD, bila kuvuruga mfumo aliokuwa akiutumia. Asili hiyo ina maana kubwa kwa swali lako la pili, kwa sababu kifaa hiki kilianza kazi kama chombo cha wajenzi wa mifumo, na sifa ya ulinzi ilikuja kuongezwa na watumiaji baadaye.

Sasa tuje kwenye kosa lako. Kompyuta ilikuandikia hivi:

chroot: failed to run command '/bin/bash': No such file or directory

Ujumbe huu umewapotosha wengi, kwa kuwa unalitaja faili lililopo na kulinyamazia lile lililokosekana. Bash uliyoinakili haijitoshelezi. Kama programu nyingi za Linux, sehemu kubwa ya kazi zake imo katika maktaba zilizo kwenye mafaili mengine, na mwanzoni mwa faili la bash kumeandikwa njia ya programu ndogo inayotakiwa kuzipakia maktaba hizo kabla bash yenyewe haijaanza. Kwa kompyuta ya biti 64 ya Intel au AMD, njia hiyo ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Kerneli ikiombwa kuiendesha bash, huifungua, huisoma njia hiyo, kisha huitafuta programu ya kupakia kuanzia kwenye mzizi wa mchakato, yaani ndani ya /srv/majaribio. Humo hakuna lib64, kwa hiyo kerneli hujibu kwamba faili halipo, na chroot, isiyojua ni faili gani kati ya hayo mawili, hukuandikia jina la bash. Ukiandika echo $? mara baada ya hapo utapata 127, namba ambayo chroot huitoa pale amri isipopatikana. Kama ungepata 126, maana yake amri imeonekana lakini haikuweza kuendeshwa, na 125 maana yake chroot yenyewe ndiyo iliyoshindwa, mara nyingi kwa kukosa idhini.

Ili kujua bash inahitaji nini, iulize:

ldd /bin/bash

Majibu yatakuwa na mistari minne. Wa linux-vdso.so.1 uuache, kwa kuwa kitu hicho hutolewa na kerneli yenyewe na hakina faili kwenye diski. Mitatu iliyobaki inataja libtinfo.so.6, libc.so.6 na ile programu ya kupakia. Zinakili zote, kila moja mahali palepale inapokaa kwenye mfumo wa nje:

cd /srv/majaribio
sudo mkdir -p bin lib64 lib/x86_64-linux-gnu
sudo cp /bin/bash bin/
sudo cp /lib/x86_64-linux-gnu/libtinfo.so.6 lib/x86_64-linux-gnu/
sudo cp /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6 lib/x86_64-linux-gnu/
sudo cp /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 lib64/
sudo chroot /srv/majaribio /bin/bash

Ninakushauri ufanye jaribio moja la kufundishia, kwa sababu litawafaa sana wanafunzi wako: nakili kwanza programu ya kupakia peke yake, uache maktaba nyingine, kisha endesha chroot. Ujumbe utabadilika. Safari hii atakayezungumza ni ile programu ya kupakia, naye atasema waziwazi kwamba libtinfo.so.6 haikufunguka. Kosa limesogea kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na mwanafunzi anayeiona tofauti hiyo ameelewa jinsi programu inavyoanza kazi kuliko anayekariri orodha ya amri.

Ukishaingia, utaona kidokezo kama bash-5.2#, na ukiandika ls utaambiwa kwamba amri haipatikani. Hilo si kosa jipya. Amri ya ls ni faili linalojitegemea na hujalinakili, ilhali cd, pwd na echo zinafanya kazi kwa kuwa zimo ndani ya bash. Andika echo /* na utaona bin, lib na lib64: huo ndio ulimwengu wote unaoonekana kwa mchakato huo.

Kunakili kila amri na maktaba zake kwa mkono ni zoezi zuri la darasani, lakini si njia ya kuendeshea kazi. Kuna njia mbili zilizo bora. Ya kwanza ni kusakinisha kifurushi cha busybox-static, ambacho kina programu moja isiyohitaji maktaba yoyote, nayo imebeba ndani yake ls, cp, vi, grep na nyingine nyingi. Nakili faili hilo moja ndani ya bin, andika sudo chroot /srv/majaribio /bin/busybox sh, na kazi imekwisha. Njia ya pili, ambayo ningeichagua kwa ajili ya shule, ni kujenga Debian ndogo iliyokamilika:

sudo debootstrap --variant=minbase bookworm /srv/debian http://deb.debian.org/debian

Amri hii hupakua vifurushi kutoka kwenye intaneti, na kwa kuwa najua shule nyingi za Kongwa, Mpwapwa na Bahi zinategemea bando la simu, nashauri uifanye mara moja tu, kisha uihifadhi saraka yote kwa sudo tar -C /srv -czf debian.tar.gz debian. Mwanafunzi akiharibu nakala yake, unaifungua upya kutoka kwenye faili hilo bila kutumia hata megabaiti moja ya bando.

Swali lako la pili linahitaji jibu lisilo na utata: hapana, chroot peke yake haitoshi kuwazuia wanafunzi, na ni hatari zaidi iwapo utawaingiza kwa amri uliyoiandika, kwa sababu sudo chroot humfanya mtu aliye ndani kuwa mtumiaji mkuu (root), mwenye mamlaka yote. Mtumiaji mkuu wa ndani ndiye mtumiaji mkuu wa nje, kwa kuwa kerneli huwatambua watu kwa namba, na namba 0 ni 0 popote. Anaweza kutengeneza faili la kifaa linaloelekea kwenye diski nzima ya seva na kuisoma apendavyo. Anaweza kuua mchakato wowote wa nje. Na anaweza kuita chroot kwa mara ya pili juu ya saraka ndogo iliyo ndani huku saraka anamofanyia kazi ikibaki nje ya mzizi huo mpya, kisha akapanda juu kwa .. (alama ya saraka ya juu) hadi kwenye mzizi halisi wa seva. Njia hii ya kutoka si siri wala dosari inayosubiri kurekebishwa. Imeelezwa katika mwongozo wa Linux wa wito huo wa mfumo, ambao unasema pia waziwazi kwamba wito wenyewe haukukusudiwa kwa ajili ya usalama. Huku kwetu kwenye mifugo tungesema ni uzio wa miiba wa zizi: unamzuia ndama asipotee, lakini haumzuii mtu mwenye panga.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutomwacha mtu ndani akiwa mtumiaji mkuu. Tumia namba ya mtumiaji wa kawaida:

sudo chroot --userspec=1001:1001 --groups='' /srv/debian /bin/bash

Chaguo la --groups likiachwa tupu huzuia makundi ya ziada ya nje yasipenye ndani pamoja na mwanafunzi. Usipachike (mount) /dev nzima, yaani saraka ya mafaili ya vifaa, ndani ya saraka ya wanafunzi. Ukihitaji /dev/null pekee, itengeneze hiyo tu kwa sudo mknod -m 666 /srv/debian/dev/null c 1 3 ikiwa haipo. Hata ukifanya hayo yote, mwanafunzi bado anatumia mtandao wa seva, anaweza kuijaza diski, na anaweza kuzalisha michakato hadi seva nzima ikalemewa, kwa sababu hakuna hata moja kati ya mambo hayo linalohusiana na mzizi wa mafaili.

Huenda umejiuliza kwa nini chroot yenyewe inadai sudo wakati inaonekana kama jambo dogo. Sababu ni kwamba programu kama su huendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu na huamini kile inachokisoma katika /etc. Mtu wa kawaida angeruhusiwa kuchagua mzizi wake mwenyewe, angeandika /etc/passwd ya uongo ndani ya saraka yake, angeunganisha humo su halisi, na programu hiyo ingemsomea uongo wake kana kwamba ni ukweli. Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kupitia mtandao, ikatae kumpokea mtumiaji iwapo saraka iliyotajwa kwenye ChrootDirectory si ya mtumiaji mkuu au inaandikika na mtu mwingine. Walimu wengi hukwama hapo wanapotaka wanafunzi wakabidhi kazi kwa sftp, njia ya OpenSSH ya kuhamisha mafaili. Suluhisho si kulegeza ruhusa, bali ni kuiacha saraka ya juu mikononi mwa mtumiaji mkuu, kutengeneza ndani yake saraka ndogo inayomilikiwa na mwanafunzi, na kuweka ForceCommand internal-sftp ili asipate nafasi ya kuendesha amri nyingine. Matumizi haya nayaunga mkono bila wasiwasi, kwa kuwa mwanafunzi hapewi kitu zaidi ya kupakia na kupakua mafaili.

Kwa mazoezi ya amri, chombo kinachokufaa ni systemd-nspawn, kilichomo katika kifurushi cha systemd-container. Hiki hubadilisha mzizi kama chroot, lakini huongeza utengano ambao Linux ilikuja kuupata baadaye: orodha ya michakato inakuwa ya ndani pekee, jina la kompyuta linajitegemea, na mtandao unaweza kufungwa kabisa. FreeBSD ilitangulia katika njia hii kwa kuleta jela zake katika toleo la 4.0 mwaka 2000, na kontena za leo zimejengwa juu ya fikra hiyohiyo. Amri ni hii:

sudo systemd-nspawn -x --private-network -D /srv/debian

Chaguo la -x ndilo litakalokupunguzia kazi, kwa maana humwingiza mwanafunzi katika nakala ya muda, na akitoka nakala hiyo hufutwa pamoja na uharibifu wake wote. Hakikisha tu kwamba saraka ni ile iliyojengwa na debootstrap, kwa kuwa nspawn hukataa saraka isiyo na /usr ndani yake, na ile yako ya bash peke yake haitakubaliwa. Mtu wa ndani hapa bado ni mtumiaji mkuu mwenye namba 0, ingawa kerneli imemnyang'anya mamlaka mengi. Kwa darasa la wanafunzi unaowafahamu na kuwasimamia inatosha, lakini usiifungue kwa watu usiowajua kupitia intaneti.

Kuhusu swali la tatu, mwenzako amesema kweli, na hapa chroot inarudi kwenye kazi iliyoizaa. Tuseme umeme umekatika katikati ya kusasisha mfumo na seva haiwaki tena. Ninaloliona mara nyingi ni kompyuta kubebwa ndani ya basi kupitia Mbande hadi Dodoma mjini, ambako diski hufutwa na kusakinishwa upya, na matokeo ya mitihani ya miaka kadhaa yanapotea bila sababu. Kazi hiyo ingeweza kufanywa palepale shuleni kwa flashi yenye Debian au Ubuntu ya kuwashia. Washa kompyuta kwa flashi hiyo, tazama patisheni (migawanyo ya diski) kwa lsblk -f, kisha pachika ile yenye mfumo wako. Katika mfano huu nachukulia kwamba ni sda2, na kwamba sda1 ni ya EFI, yaani yenye mafaili ya kuwashia kompyuta:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; sudo mount --make-rslave /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt /bin/bash

Ule mstari wa for unahitajika kwa sababu /dev, /proc, /sys na /run hazimo kwenye diski. Hutengenezwa na kerneli iliyo hai, na bila hizo programu za ukarabati hazitaiona diski wala kujua kinachoendelea. Sehemu ya --make-rslave inahakikisha kwamba utakapobandua ulivyovipachika ndani, vile vya nje havitabanduliwa navyo. Ukiwa ndani, andika:

dpkg --configure -a
update-initramfs -u -k all
update-grub

Amri ya kwanza humalizia vifurushi vilivyoachwa nusu, na kwa kawaida haihitaji intaneti kwa kuwa vifurushi vyenyewe vilikwishapakuliwa kabla umeme haujakatika. Ukijaribu kuwasha huduma kwa systemctl utaambiwa kwamba uko ndani ya chroot na ombi limepuuzwa, jambo ambalo ni sahihi, kwa sababu systemd inayoendesha kompyuta wakati huo ni ya flashi. Endapo utahitaji grub-install kwenye kompyuta ya EFI, flashi nayo iwe imewashwa kwa njia ya EFI, la sivyo amri hiyo haitaweza kuandika kumbukumbu za kuwashia. Na iwapo badala ya «halipo» utaona Exec format error, huenda flashi yako ni ya biti 32 na mfumo wako ni wa biti 64. Kerneli ni ya flashi, nayo haiwezi kuendesha programu isizozielewa. Ukimaliza, toka kwa exit, andika sudo umount -R /mnt, kisha washa upya.

Jambo la mwisho ni la kufuta, nami nalisisitiza kuliko yote. Siku utakapotaka kuiondoa /srv/debian, usikimbilie rm -rf kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna kitu kilichobaki kimepachikwa ndani yake. Ukiwa umepachika /home humo kwa --bind ili wanafunzi waone mafaili yao, rm itaingia na kufuta mafaili halisi ya shule, kwa kuwa kilichopachikwa si nakala. Kwanza andika findmnt | grep /srv/debian, ubandue kila kitakachoonekana. Ukiambiwa kwamba mahali hapo panatumika, kuna mchakato uliobaki ndani, nao utaupata kwa sudo ls -l /proc/*/root | grep /srv/debian, ambayo inasoma ileile kumbukumbu ya mzizi niliyoieleza mwanzo na kukuonyesha namba ya mchakato husika. Ukishausimamisha na kubandua yote, tumia sudo rm -rf --one-file-system /srv/debian, ili hata kama kuna kitu kwenye diski au patisheni nyingine kilichokupita machoni, rm isivuke kwenda huko. Lakini chaguo hilo halitakuokoa ikiwa /home iko kwenye patisheni ileile ya /srv, kwa hiyo findmnt ibaki kuwa hatua isiyorukwa.